Bosi Anapotaka Sahihi Yako Kwenye Malipo Yenye Walakini

SWALI: Mimi ni mhasibu. Mkurugenzi mtendaji amenipigia simu nilipe ankara ya ushauri ambao hakuna idara inayokiri kuupata, tena niiandikie tarehe ya robo mwaka iliyopita. "Wewe saini tu, mengine niachie mimi." Nifanye nini?

JIBU: Usisaini. Uchunguzi ukianza, karatasi itakayokutwa ina jina lako, na simu yake haina ushahidi popote.

Leo hii mwandikie barua pepe fupi isiyo na lawama: "Kuhusu agizo lako la saa nne asubuhi, naomba mkataba, oda na uthibitisho wa idara iliyopokea kazi, ili nikamilishe hati ya malipo." Hujamshtaki mtu, umedai kile ambacho mhasibu yeyote hudai kabla pesa hazijatoka, yaani nyaraka zilingane na ankara kwa jina la mlipwaji, kiasi na tarehe. Maagizo mengi ya aina hii hufia hapo, maana mwenyewe hataki yaonekane kwa maandishi. Akijibu kwa mdomo, mwandikie tena ulivyomwelewa. Weka pia daftari lako: tarehe, saa, maneno yenyewe, nani alikuwepo. Ila usibebe mafaili ya kampuni nyumbani wala kujitumia kwenye barua pepe binafsi kabla ya kuongea na mwanasheria. Hapo ndipo watu wenye madai ya kweli hunaswa: wanafukuzwa kwa kosa la nyaraka, na hoja yao inazikwa.

Akizidi kukubana, nenda kwa mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi ya bodi, au kwa mkaguzi wa nje. Chunguza kwanza nani yuko chini ya nani. Mkaguzi wa ndani au mkuu wa rasilimali watu ambaye ajira yake iko mikononi mwa mkurugenzi huyohuyo atabanwa kama wewe. Agosti 2001, Sherron Watkins wa Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, alimwonya kwa barua mwenyekiti wa kampuni, Kenneth Lay, kuhusu hesabu zenye walakini. Uchunguzi wakapewa mawakili walewale waliokuwa wameishauri kampuni, na Desemba mwaka huohuo Enron ikaomba kinga ya mufilisi. Sheria ya Marekani ya Sarbanes-Oxley ya 2002 ikazitaka kamati za ukaguzi za kampuni za soko la hisa ziwe na njia ya kupokea malalamiko ya wafanyakazi kwa siri, bila jina.

Ukiandika bila jina, ondoa maelezo ambayo ni wewe peke yako unayeyajua. Barua nyingi hujulikana mwandishi wake kwa sentensi moja tu.

SWALI: Kwetu wizi ni wa wakubwa. Sisi wa chini unatuhusu nini?

JIBU: Unawahusu sana, kwa sababu shinikizo hushuka ngazi. Benki ya Wells Fargo ya Marekani iliwawekea wafanyakazi malengo ya mauzo yasiyofikika, na akaunti zikafunguliwa bila wateja kujua. Septemba 2016 ilitozwa faini ya dola milioni 185. Kufikia hapo wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wamekwisha kufukuzwa, wengi wao wa ngazi za chini.

Kabla ya faini, dalili huonekana ofisini: taarifa zinalainishwa kabla ya kupanda juu, vikaoni hakuna anayeuliza, na wenye ujuzi wanaondoka mapema kwa kuwa wana pa kwenda. Kazi yao mnaachiwa ninyi, pamoja na malengo yaleyale. Mkipewa lengo lisilofikika, ombeni liandikwe, nanyi mjibu kwa takwimu za miezi iliyopita.