Re: Nimekwama kwenye Samskara ya Ananthamurthy

Habari ndugu. Unauliza kwa nini mwanzo wa riwaya ya Samskara watu wanabishana tu juu ya maiti, na kwa nini mwalimu wa Kiingereza kama U.R. Ananthamurthy aliandika kwa Kikannada, lugha ya kusini mwa India.

Hata mimi mara ya kwanza niliiweka chini. Kwanza angalia hili: maiti ni ya Naranappa, Brahmin (mtu wa tabaka la juu la Wahindu, la makuhani) aliyekula nyama, akanywa pombe, akaishi na Chandri, mwanamke wa tabaka la chini, lakini Brahmin wenzake hawakuwahi kumtenga rasmi. Kwa hiyo wenzake ndio wanaopaswa kumchoma, na kila mmoja anaogopa kunajisika. Mpaka maiti ichomwe, hakuna ruhusa ya kula. Njaa inauma, panya wanakufa, halafu Chandri anavua dhahabu yake ilipie mazishi. Hapo ndipo utawaona wacha Mungu wanavyobadilika! Rudi ukurasa wa kwanza, umfuate Praneshacharya, msomi anayefunua vitabu vyote asipate jibu.

Kuhusu lugha: Ananthamurthy alizaliwa 1932 wilaya ya Shimoga, jimbo la Karnataka, India, na riwaya hiyo aliiandika akiwa Birmingham, Uingereza, akisomea uzamivu. Yaani alikuwa katikati ya Waingereza, akaandika kwa lugha ya nyumbani kwake mwenyewe. Ilitoka 1965. Tuzo ya Jnanpith, tuzo kubwa ya fasihi ya India, ilimfikia 1994, na hadi karibu na kifo chake 2014 alikuwa akiwapinga hadharani wanasiasa wa mrengo wa Uhindu.

Mimi sijui Kikannada, nilisoma tafsiri ya A.K. Ramanujan. Kama unayo hiyo, maneno ya mfasiri mwishoni mwa kitabu usiyaruke.