Jibu: Niache sindano ya uzazi wa mpango nihamie kijiti au kitanzi?

Habari dada. Nimekuelewa: mtoto ana miezi minne, unanyonyesha, sindano imekuvurugia hedhi, na baada ya miaka miwili unataka kuzaa tena.

Kwanza pima presha, maana hujasema ikoje. Ikiwa juu, vidonge vyenye homoni mbili usivifikirie kabisa. Hata ikiwa sawa, kwa kuwa unanyonyesha, vidonge hivyo visubiri mtoto afikishe kwanza miezi sita.

Sindano mimi ningeiacha kwa sababu ya hiyo miaka miwili. Ukiisimamisha, uzazi unaweza kuchelewa kurudi kwa miezi mingi, wakati kijiti (kile cha chini ya ngozi ya mkono) au kitanzi (kile cha ndani ya mfuko wa uzazi) kikitolewa unarudi upesi. Mimi niliweka kijiti. Vitone vya damu visivyo na ratiba vilinikera mwanzoni, pedi haikutoka kwenye mkoba. Kitanzi cha shaba hakina homoni na hukaa hadi miaka 10, ila kama hedhi yako ni nzito na yenye maumivu, kinaweza kuizidisha. Rafiki yangu alikitoa kwa hilo tu.

Ukiwa kwenye dawa za TB au kifafa, mwambie muuguzi kabla ya kijiti. Baadhi hupunguza nguvu yake. Na hayo ya kitanzi kupanda hadi moyoni, ni uzushi wa saluni.