Maswali yenu: Pendekezo la mwongozo wa tiba liandikweje?

Tunaandaa mwongozo mfupi wa kuhara kwa watoto, utumike katika zahanati za wilaya. Rasimu inasema "zinki itolewe ipasavyo". Daktari wetu hataki. Kosa liko wapi? (Muuguzi, Tanga)

Daktari wenu yuko sahihi. Aliye zamu saa nane za usiku anafungua mwongozo ajue atoe kiasi gani, na "ipasavyo" inamrudishia swali lake lilelile. "Itolewe" nayo ina tatizo: itolewe na nani? Nyaraka zetu zimejaa "ifanyike" na "izingatiwe", na mtendaji hajulikani. Semeni naye moja kwa moja: "Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 anayehara: mpe zinki miligramu 20 mara moja kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, pamoja na ORS (chumvichumvi za kurudisha maji mwilini). Aliye chini ya miezi 6: mpe miligramu 10." Kama kidonge mlicho nacho ni cha miligramu 20, ongezeni kwamba aliye chini ya miezi 6 apewe nusu, na kwamba kinayeyushwa katika kijiko cha maji safi au maziwa ya mama.

Kisha wekeni sentensi moja ambayo miongozo mingi huisahau: "Mwambie mlezi aendelee kumpa hata kuhara kukikoma." Dozi huharibikia hapo. Mtoto akichangamka siku ya tatu, vidonge vilivyobaki huwekwa kabatini.

"Tunapendekeza" na "tunashauri" vina tofauti gani? (Mjumbe wa kamati, Dodoma)

Katika GRADE, mfumo wa kupima ushahidi na uzito wa mapendekezo, ambao Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo huutumia, neno la kwanza ni la pendekezo thabiti: karibu kila mgonjwa aliyeelezwa vizuri angelikubali. La pili ni la pendekezo la masharti: wengi wangelikubali, ila wapo si haba ambao wangechagua vingine kwa sababu za msingi, hivyo mhudumu hana budi kuzungumza na mgonjwa kwanza. Kwa Kiswahili tofauti hiyo haisikiki. Kwa msomaji maneno hayo mawili ni ndugu. Msitegemee kitenzi peke yake. Mwisho wa kila pendekezo andikeni wazi: "Pendekezo thabiti, uhakika wa ushahidi: wa wastani." Na likiwa la masharti, yatajeni masharti yenyewe.

Uthabiti na uhakika ni vitu viwili. Uhakika una ngazi nne: wa juu, wa wastani, wa chini, wa chini sana. Unaeleza tunavyouamini ushahidi. Uthabiti hutazama pia madhara, gharama, usawa, na kama jambo lenyewe linatekelezeka.

Utafiti mzuri tulioupata ulifanyika Asia, kwa watu wazima zaidi. Sisi tunaandikia watoto wa hapa. Tuutumie? (Tabibu, Kilifi)

Utumieni, lakini shusheni ngazi ya uhakika na mseme sababu. Malaria kali ni mfano mzuri. Mwaka 2005 jaribio kubwa la Bangladesh, India, Indonesia na Myanmar lilionyesha kuwa kati ya waliochomwa dawa ya artesuneti walikufa asilimia 15, na waliopewa kwinini, dawa ya zamani, asilimia 22. Ushahidi mzito huo, ila haukutosha kubadili tiba ya mtoto wa Afrika, kwa kuwa malaria kali haimshiki mtoto kama inavyomshika mtu mzima. Mtoto zaidi hupungukiwa damu na kupata degedege. Kwa mtu mzima, figo kushindwa kazi na macho kugeuka manjano huonekana zaidi. Mwaka 2010 yakatoka majibu ya jaribio la AQUAMAT, watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda: vifo asilimia 8.5 kwa artesuneti, 10.9 kwa kwinini. Mwaka uliofuata WHO ikapendekeza artesuneti kwa watoto hao, pendekezo thabiti.

Angalieni pia tarakimu hizo mnavyoziandika. "Hupunguza vifo kwa asilimia 22" ni kweli, lakini msomaji mwenye haraka ataelewa kuwa katika kila watoto mia wanaokolewa 22. Andikeni: "Kati ya watoto 1,000 wenye malaria kali, 109 hufa wakitibiwa kwa kwinini, 85 wakitibiwa kwa artesuneti." Watoto 24. Idadi hiyo mganga anaweza kumweleza mzazi.

Mabingwa wote kwenye kamati yetu wamekubaliana. Bado tuhangaike na ushahidi? (Mratibu, Mbeya)

Ndiyo, tena hapo ndipo pa kuhangaika zaidi. Kwa miaka mingi mabingwa walikubaliana kuwa mtoto mwenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu amiminiwe maji mengi mshipani kwa haraka. Jaribio la FEAST la Kenya, Tanzania na Uganda, lililochapishwa 2011, likawapima watoto 3,141. Ndani ya saa 48 walikufa asilimia 10.6 ya waliomiminiwa albumini (maji yenye protini ya damu), 10.5 ya waliomiminiwa maji ya chumvi, na 7.3 ya wasiomiminiwa kwa haraka.

Lakini jaribio hilo liliwaacha nje watoto wa kuhara na wa utapiamlo mkali. Mwongozo ukiandika tu "usimpe mtoto maji ya haraka", bila kusema ni mtoto yupi, utamuua mtoto wa kipindupindu, ambaye maji hayo ndiyo humwokoa.

Je, pendekezo thabiti laweza kusimama juu ya ushahidi wa chini? (Mwanafunzi wa uzamili, Nairobi)

Mara chache: maisha yakiwa hatarini na kinachopendekezwa kikiwa na madhara madogo, au tiba yenye faida isiyo na hakika ikiwa na madhara yanayojulikana wazi, na hapo pendekezo huwa la kuikataa. Andikeni sababu papo hapo, chini ya pendekezo.

Mjumbe mmoja hulipwa na kampuni ya dawa kutoa semina. Tumwondoe? (Katibu wa kamati, Zanzibar)

Atamke kwa maandishi kabla maswali ya mwongozo hayajachaguliwa, si siku ya kura. Anaweza kujibu maswali ya kitaalamu, lakini dawa ya kampuni hiyo ikijadiliwa na kupigiwa kura atoke chumbani, na kumbukumbu za kikao zionyeshe kwamba alitoka.