Taa ya Reli Usiiguse Bado: Kwa Nyinyi Mnaoanza Kukusanya Vifaa vya Signali

Juzi kijana mmoja kanionyesha taa yake ya signali, kaipiga spreya nyeusi mpaka inang'aa kama sufuria ya bibi harusi, na kioo kijani kipya kabisa. Nikamuuliza kioo kilichokuja nayo kiko wapi. Akasema kilikuwa cha bluu, si chake, kakitupa. Jamani! Huyu si wa kwanza, na kila mwaka napata wawili watatu wa hivi, wana moyo, wana hela kidogo, na wana haraka ya ajabu. Nawapenda kwa huo moyo, kwa sababu wazee wanaondoka na vitu vinabaki kwenu, lakini hiyo haraka inamaliza vitu ambavyo havitatengenezwa tena. Basi nisikilizeni.

1. Soma herufi za shirika la reli zilizogongwa kwenye kifaa kabla hujashika msasa. UR ni Uganda Railway. KUR au KUR&H (reli na bandari za Kenya na Uganda) ni ya kabla ya 1948, TR ni reli ya Tanganyika kabla ya mwaka huohuo, EAR&H (reli na bandari za Afrika Mashariki) ni 1948 mpaka 1969, halafu baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977 ndio mnaona KR (Kenya Railways) na TRC (Tanzania Railways Corporation). EAR peke yake isikudanganye, maana iliandikwa kwenye injini hata enzi za EAR&H, kwa hiyo usiitumie kukata mwaka. Na ukikuta kifaa kina alama mbili usiseme ni feki! Shirika lilibadilika jina, taa ikaendelea na kazi ileile, wakagonga alama mpya pembeni ya ile ya zamani au wakapaka rangi juu. Hizo tabaka za rangi ndio historia yake, ukipeleka kwa fundi apige mchanga kwa kompresa umeifuta yote kwa nusu saa.

2. Kioo. Hapa nitakaa, maana hapa ndipo nilipoumia mwenyewe. Mzee mmoja mstaafu wa reli aliniachia taa ya signali kwa bei ya undugu, kwa sababu aliona napenda kweli. Nilipofika nyumbani nikamulika na tochi ya simu, kile kioo nilichotegemea kiwe kijani kikatoa bluu. Nikajiambia kuna mtu alikibadilisha huko nyuma, na mimi ndiye nitakayeirudisha taa kwenye hali yake. Nikaenda kwa fundi vioo akanikatia duara la kijani kizuri, tukaanza kubandua kile cha zamani, kikapasuka vipande vitatu. Sikujali hata. Nikairudisha kwa mzee nikiwa na furaha, nikijua atafurahi. Akaitia mafuta ya taa, akakata utambi vizuri, akawasha, akaifunga, akarudi hatua kadhaa. Ikatoa mwanga wa manjano manjano, mchafu, huwezi kuapa ni kijani. Akaniuliza kioo kiko wapi. Nikamwambia. Akakaa kimya muda mrefu, halafu akanifundisha bila kunifokea, na kule kutonifokea ndio kuliniuma zaidi.

Moto wa mafuta ya taa ni wa manjano. Una bluu kidogo sana ndani yake. Ukiweka kioo cha kijani cha kawaida kinapitisha na ile manjano, na dereva akiwa mbali usiku anaona kitu cha katikati, na kwenye reli rangi ya katikati inaua. Ndio maana walitengeneza kioo chenye ubluu ndani yake, kikakamata manjano, kinachotoka nje ni kijani safi. Kwa taa za LED kioo hichohicho kinaonekana bluu na ndio mnachanganyikiwa. Kwa hiyo kioo kile kilikuwa chake tangu kiwandani na mimi ndiye niliyeharibu. Taa ninayo bado, nimeifungia karatasi inayosema kioo si cha asili na nani alikibadilisha, kwa sababu atakayeipata baada yangu ana haki ya kujua. Ukitaka kupima kioo, washa moto wa kweli, nje, usiku, usimame mbali. Na bluu nzito kabisa ipo pia, Marekani ni onyo kwamba watu wanafanya kazi kwenye behewa, hiyo ni habari nyingine.

3. Kibao cha kiwanda kinakupa mwaka bure, kwa mfano ukikuta jina la kampuni hii: Westinghouse Brake & Saxby Signal ni 1920 hadi 1935, baada ya hapo neno Saxby linatoka.

4. Rangi nyekundu ya chini mara nyingi ina madini ya risasi, usiikwangue kavu, na usiifanyie kazi chumba wanacholala watoto.

5. Tableti za njia moja, yaani vile visahani vya duara anavyopewa dereva kama ruhusa ya kuingia kipande chenye njia moja tu ya reli. Edward Tyer alizipatia hati miliki 1878, baada ya treni mbili kugongana uso kwa uso kule Thorpe, Uingereza, 1874. Mitambo miwili, stesheni mbili, waya katikati, tableti moja tu inatoka kwa wakati mmoja, na dereva bila tableti haingii. Fikiria mkono uliokuwa unaipokea dirishani treni ikitembea! Kwa hiyo ya kweli imechakaa ukingoni, majina ya stesheni yamelainika. Ikiwa kali kote kote na shaba inawaka, uliza maswali.

6. Karatasi, karatasi, karatasi. Kenya kuna sheria ya vyuma chakavu ya 2015, na mtu akikuletea usiku mkono wa semafori, ile nguzo ya ishara kando ya reli, wenye boliti zilizokatwa juzi, huyo hauzi kumbukumbu, anauza usalama wa treni ya kesho. Mkatalie. Ukinunua kwa familia ya mstaafu andikishana, jina la stesheni, mwaka aliostaafu, na umwombe asimulie ukirekodi, maana hayo maelezo utayakosa ukichelewa.

7. Ukikuta kwenye sanduku la zamani vile vikopo bapa vyenye mikanda ya bati, vya kufunga juu ya reli vilipuke treni ikipita kwenye ukungu, usivitikise, usivifungue, usivibebe kwenye matatu. Ni baruti. Toa watu hapo, uite polisi.