Maswali yenu: Huyu Janáček wa Moravia ni Mmoravian mwenzetu?

SWALI: Shikamoo anko. Mi nafundisha kwaya huku Tukuyu, kanisa la Moravian. Kijana wangu mmoja wa besi kanitumia kwenye simu muziki wa mtunzi anaitwa Leoš Janáček, anasema jamaa katoka Moravia kwa hiyo ni wa kanisa letu. Nikamwambia sidhani, akanibishia mbele ya kwaya nzima. Halafu eti alikuwa anaandika nota za watu wakiwa wanaongea tu, hawaimbi. Kuna ukweli hapo?
Mwalimu wa kwaya, Tukuyu

JIBU: Marahaba mwalimu, ugonile. Ubishi umeshinda wewe ila usimcheke sana huyo kijana, hajakosea kote. Moravia ni eneo, liko mashariki ya Jamhuri ya Czech ya leo, na jina la kanisa lenu limetoka hukohuko. Mwaka 1722 kuna wakimbizi wa dini walikimbia Moravia wakapewa hifadhi Ujerumani kwenye ardhi ya bwana mmoja mkubwa, Zinzendorf, wakajenga kijiji wakakiita Herrnhut, na kazi ya umisionari iliyoanzia hapo ndo ikafika Rungwe 1891. Sasa Janáček yeye kazaliwa Hukvaldy tarehe 3 Julai 1854, baba yake mwalimu wa shule ya kijiji, familia ya Kikatoliki, na akiwa na miaka 11 wakampeleka monasteri ya Waaugustino mjini Brno akawa anaimba kwaya ya watoto. Kwa hiyo Mmoravia wa kuzaliwa, sawa. Mmoravian wa kwenu, hapana.

Hilo la kuandika nota za watu wakiongea ni kweli kabisa, na mi ndo napendea hapo. Alikuwa anatembea na kadaftari, akisikia mtu anaongea njiani au sokoni anaandika maneno na juu yake anaweka nota, sauti ilipanda wapi ikashuka wapi, mara nyingi anaandika na mahali na siku. Alikuwa anaamini neno linaweza kukudanganya ila sauti iliyolibeba haidanganyi. Ukibisha nenda stendi ya Nane Nane hapa Mbeya, msikilize konda basi likiwa tupu: “Kyelaaa Kyela Kyela!” inapanda mpaka inakatika, unaona kabisa huyu mtu ana hesabu ya bosi kichwani. Rudi baada ya nusu saa basi limejaa na watu wameshasimama, utasikia “Kyela” moja tu, imelala, kama mtu anakuambia saa. Neno ni lilelile jamani! Janáček angeandika zote mbili.

Na aliandika mpaka pasipoandikika. Februari 1903 binti yake Olga alifariki na homa ya matumbo, miaka 20 tu, na mtoto wao mwingine wa kiume walishamzika 1890 akiwa bado mdogo sana. Baba mtu alikaa pale kitandani akaandika kwa nota maneno ya mwisho ya mwanae, mpaka namna alivyovuta pumzi. Kuna wanaosema ni roho ngumu hiyo, mi naona ndo ilikuwa namna yake ya kulia.

Sasa mwalimu na wewe nikuchokoze kidogo. Kiswahili mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, mwoKOzi, uTUkufu hakuna, ni utuKUfu. Lakini nyimbo nyingi tulizorithi zilitungiwa Kijerumani au Kiingereza, maneno yetu yakaja kubandikwa juu, ndo unasikia kwaya nzima inaimba “bwaNAAA” na hakuna anayeshtuka. Ukitunga wa kwako, kabla hujaandika do re mi mwambie mama mmoja wa sauti ya kwanza auseme ule mstari kama anampa jirani habari. Sikiliza. Afu ndo uandike.

SWALI: Anko habari, nimeona mahali huyo Janáček alikuja kuwa maarufu ana zaidi ya miaka 60. Alikuwa anafanya nini muda wote huo?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Salama. Alikuwa anafundisha, 1881 alianzisha shule ya kinanda cha kanisani pale Brno, na mwaka huohuo akaoa mwanafunzi wake wa piano, Zdenka, hajatimiza hata miaka 16. Ndoa haikuwa na raha.

Ila kilichomchelewesha hasa ni mdomo, au tuseme kalamu. 1887 aliandika uchambuzi akaiponda opera (mchezo wa jukwaani ambao maneno yanaimbwa) ya bwana mmoja anaitwa Karel Kovařovic. Miaka ikaenda, huyo Kovařovic akawa mkuu wa opera kwenye Ukumbi wa Taifa wa Prague, na Janáček ndo anakuja pale na opera yake Jenůfa mkononi! Unategemea nini. Ni kisa cha binti wa kijijini aliyepewa mimba akaachwa, mama wa kambo ambaye kijiji kizima kinamheshimu kwa ucha Mungu anamficha ndani, anaogopa aibu, mwisho anakichukua kichanga usiku anakwenda kukizamisha mtoni kwenye barafu. Ilionyeshwa Brno tarehe 21 Januari 1904, watu wakaipenda, Prague wakakausha. Miaka 12! Marafiki wakabembeleza weee mpaka Kovařovic akakubali, kwa sharti aiguse mwenyewe sehemu za okestra. Mei 1916 ikaonyeshwa Prague, ikapiga. 1918 iko Vienna kwa Kijerumani, 1924 iko New York.

Na hapo mzee ndo kwanza akachanganya gia. Opera juu ya opera: Káťa Kabanová 1921, ya mbweha 1924, Makropulos 1926, na ya wafungwa wa Siberia imeonyeshwa 1930 mwenyewe keshafariki. Watu wanamtaja Kamila Stösslová, walikutana 1917, mke wa mtu, kampita miaka 37, akamwandikia barua zaidi ya 700. Zdenka alijua. Mengine hapo msiniulize mimi.

SWALI: Opera inanishinda, wanapiga kelele tu. Nianzie wapi?
Iringa mjini

JIBU: Anza na hiyo ya mbweha. Ilitokana na katuni za gazetini, dada wa kazi wa nyumbani kwa Janáček alikuwa anazisoma anacheka peke yake, mzee akauliza kulikoni. Mle ndani wanaimba mbweha, kuku, mbwa, mbu. Kama bando ni dogo nenda mwisho kabisa: askari wa msitu kazeeka, anazinduka usingizini anamwona mbweha mdogo kafanana na yule aliyemfuga zamani, anarusha mkono amdake, anajikuta kashika chura. Anamwambia kumbe wewe tena, na chura anajibu kwa kigugumizi kwamba si yeye, yule alikuwa babu yake, ila habari zako alinisimulia.

Janáček alifariki kwa nimonia tarehe 12 Agosti 1928, na kwenye mazishi yake walipiga kipande hichohicho.