Maswali ya Wasomaji: Gari Limepita MOT, Je, Ni Zima?

SWALI: Ndugu wahariri, naishi Leicester na familia yangu. Nimeona Nissan Qashqai ya 2017, ya petroli, giaboksi otomatiki. Muuzaji anasema nisiwe na shaka kwa kuwa gari limepita MOT, ule ukaguzi wa usalama wa magari wa Uingereza, mwezi uliopita bila dosari hata moja. Je, hilo linatosha?
Mama wa watoto watatu, Leicester

JIBU: Halitoshi, dada. Cheti cha MOT kinathibitisha kwamba gari lilitimiza kiwango cha chini cha usalama siku lilipokaguliwa, basi. Hali ya injini, klachi na giaboksi haimo kwenye ukaguzi huo. Na kwa gari unalolitaka, giaboksi ndiyo ya kuogopwa: Qashqai otomatiki za petroli za miaka hiyo hutumia CVT, giaboksi ya mkanda isiyo na gia za hatua, na CVT inayoelekea kufa hupita MOT bila kizuizi chochote.

Chenye thamani kuliko cheti ni historia. Ingia GOV.UK, tovuti ya serikali ya Uingereza, tafuta ukurasa wa historia ya MOT, andika namba ya gari. Ni bure. Gari la Uingereza hupimwa mara ya kwanza likitimiza miaka 3, kisha kila mwaka, kwa hiyo gari hilo lilianza kupimwa 2020. Ukikuta kipimo cha kwanza kimechelewa miezi kadhaa, usimtuhumu mwenye gari papo hapo: vipimo vilivyotakiwa kufanyika kati ya tarehe 30 Machi na 31 Julai 2020 viliongezewa miezi 6 kwa sababu ya korona.

Anza na maili. Zipange mwaka kwa mwaka. Namba ikishuka na isirudi tena kwenye mstari wake, mita imechezewa. Ikiwa mwaka mmoja tu umeruka na unaofuata umerudi sawasawa, mara nyingi mkaguzi alikosea kuandika.

Kisha soma yale maoni ya tahadhari ambayo hayakuliangusha gari. Hapo ndipo gari linapojieleza, na wanunuzi wengi huyaruka. Tuseme 2022 imeandikwa tairi la mbele kushoto linalika ukingo wa ndani. 2023 hakuna kitu kwa sababu tairi lilibadilishwa. 2024 maneno yaleyale yamerudi. Hapo tairi halina kosa. Ama alaimenti (mpangilio wa magurudumu) imepotea, ama bushi za mkono wa chini wa suspensheni zimelegea na gurudumu linalala ndani gari likitembea. Mwenye gari amekuwa akinunua tairi badala ya kutengeneza chanzo. Tahadhari ya disk za breki zenye kutu peke yake si kubwa. Huonyesha gari linalokaa sana nyumbani. Lakini kutu kwenye bodi karibu na mahali suspensheni au mikanda ya viti inaposhikiliwa ni habari nyingine: ikila chuma ndani ya sentimita 30 kutoka hapo, gari hufeli, na kazi yake ni kukata na kuchomelea. Ukiona hivyo, achana nalo.

Kuanzia tarehe 20 Mei 2018 dosari hugawanywa kuwa za hatari, kubwa na ndogo. Gari linalofeli kila mwaka kwa balbu na wipa lina mwenyewe mzembe. Jiulize kama oili nayo ilibadilishwa kwa wakati.

Kuhusu CVT, mwombe muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Liendeshe likiwa baridi mpaka lipate moto vizuri, lipandishe kilima polepole. Likitetemeka wakati wa kuondoka, au injini ikipandisha mzunguko na mwendo usifuate, usinunue. Omba pia risiti ya kubadilisha mafuta ya giaboksi, yaliyoandikwa NS-3. Oili ya otomatiki ya kawaida huiharibu CVT.

SWALI: X-Trail yangu ya dizeli inapimwa MOT wiki ijayo. Nikague nini mwenyewe nisitupe hela?
Msomaji wa Reading

JIBU: Kaka, vitu vinavyoangusha magari mengi huonekana kwa macho. Kashata za tairi ziwe na kina cha angalau milimita 1.6 katika robo tatu ya katikati ya upana, kuzunguka tairi zima. Chomeka sarafu ya peni 20 kwenye mfereji. Ukiuona ukingo wake wa nje, tairi limekaribia mwisho au limepita. Jaza maji ya wipa, maana yasiporuka unafeli. Mpe mtu akanyage breki wewe ukitazama taa za nyuma, ile ya juu ya kioo pia. Ufa wa kioo ukizidi milimita 10 mbele ya macho ya dereva, au 40 kwingineko wipa zinakofuta, ni kufeli.

Washa swichi uangalie dashibodi. Taa ya injini, ABS (breki zinazozuia magurudumu kukwama) au eabegi isiyozimika inatosha kukuangusha, na kwa gari la kuanzia 2012 hata ile ya upepo wa tairi.

Kwa kuwa ni dizeli, liendeshe barabara kuu nusu saa hivi kabla ya kwenda, ili chujio la masizi lijichome. Gari lenye chujio hilo likitoa moshi unaoonekana, wa rangi yoyote, linafeli. Kama X-Trail yako inavuta kwa magurudumu manne, mwambie mkaguzi kabla hajalipandisha kwenye rola za breki. Mifumo mingine huharibika hapo na ina njia yake ya kupimwa.

Unaweza kupima mwezi mmoja kasoro siku moja kabla ya cheti kuisha bila kupoteza tarehe yako. Ada haipiti pauni 54.85. Ukifeli ukaliacha gari gereji hiyohiyo likatengenezwa, kurudia ndani ya siku 10 za kazi ni bure.

SWALI: Nataka kuagiza SUV kutoka Uingereza. Je, MOT inatosha kuliingiza Kenya?
Msomaji wa Mombasa

JIBU: Hapana. KEBS, Shirika la Viwango la Kenya, hudai ukaguzi wake kabla gari halijapakiwa, na gari lisizidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, usukani kulia. Lakini historia ya MOT itumie kuchagua. Gari la miaka 7 huwa na majibu ya vipimo kama 5, rekodi ambayo magari mengi ya mtumba hayaji nayo. Kumbuka kuzidisha maili kwa 1.609 upate kilomita.

Adui wako ni chumvi. Huko humwagwa barabarani majira ya baridi kuyeyusha barafu, nayo hula paipu za breki, fremu ndogo ya nyuma na mzunguko wa chini wa springi, ambao hukatika ghafla gari likiingia shimoni. Rangi ya juu haikuambii lolote. Omba picha za chini ya gari likiwa kwenye lifti, moja kwa kila gurudumu na moja ya paipu, zipigwe kabla ya kupaka ile lami nyeusi ya kuficha. Na muuzaji akikunyima namba ya gari, ina maana amekunyima historia yote. Tafuta gari jingine.