Tele ya teleskopu si tele ya ndizi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nipo Pasua, Moshi. Nimemaliza kidato cha sita na ninajiandaa kwa usaili wa kazi. Juzi tukiwa kwenye mazoezi na wenzangu tulikutana na swali hili: "Hadubini kwa vidogo, teleskopu kwa ___", na majibu ya kuchagua yalikuwa vingi, vya mbali, vizito na vya moto. Nikachagua vingi kwa sababu tele ni wingi. Walinicheka sana. Mmoja ana kitabu cha zamani cha mitihani ya Marekani kinachosema ukijua mizizi ya Kigiriki na Kilatini, maswali ya mlinganisho hayakusumbui. Je, ni kweli hata swali likiwa la Kiswahili? Na tuseme "mzizi" wa neno au "shina"?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wenzako hawakukutendea haki. Ulikutana na neno geni, ukalipasua, ukatafuta kipande unachokifahamu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kosa lako ni kubisha hodi nyumba ya jirani. Tele tuliyoizoea, ya ndizi zilizojaa tele soko la Mbuyuni, ni ya wingi. Tele ya teleskopu ni ya Kigiriki, na maana yake ni mbali. Kipande cha pili, skopu, kimetoka kwenye kitenzi cha kutazama. Basi teleskopu ni cha kutazamia vya mbali, na jibu sahihi lilikuwa hilo. Tele hiyohiyo imo kwenye telefoni, ambamo foni ni sauti, na kwenye televisheni, ambayo nusu yake ya pili ni Kilatini: kuona.

Ila kuna jambo ninalolipenda kuliko yote katika swali lako, na mtunzi wake amelipita bila kuligusa. Teleskopu tuna jina lake la siku nyingi: darubini. Neno hili asili yake ni Kiajemi, dur ni mbali na bin ni kuona. Wazo ni lilelile la Kigiriki, limefika pwani yetu kwa njia nyingine. Mkia huohuo wa -bini unauona kwenye hadubini, ya kuonea vijidudu. Kwa hiyo ukiulizwa "Darubini kwa nyota, hadubini kwa ___", huhitaji Mgiriki wala Mrumi. Una mzizi wako mkononi. Kipimajoto nacho kipo wazi kiasi kwamba mtoto wa darasa la tatu anakisoma: ki-pima-joto. Termometa ni mawazo hayohayo kwa Kigiriki, therme ni joto na metron ni kipimo, mpangilio tu ndio umegeuka. Wao wanaanza na kinachopimwa, sisi tunaanza na kitendo.

Sasa kuhusu kitabu cha mwenzako. SAT, mtihani wa kuingia vyuo vya Marekani, uliyaondoa maswali ya mlinganisho mwaka 2005, na GRE, ule wa wanaoendelea na masomo baada ya shahada ya kwanza, ikafuata mwaka 2011, kwa hiyo anayejiandaa kwa mitihani hiyo asipoteze usiku wake huko. Kwenye usaili maswali ya aina hii bado yapo, na mizizi inasaidia kweli. Lakini mzizi unakupa maana ya neno tu. Uhusiano wa maneno mawili unautafuta mwenyewe, na njia ninayowafundisha vijana hapa Arusha ni kutunga sentensi kamili kabla ya kuyaangalia majibu. Chukua hili: "Barometa kwa mgandamizo wa hewa, altimeta kwa ___". Sema kwanza: barometa ni chombo cha kupimia mgandamizo wa hewa. Ukishaisema, weka altimeta palepale: ni chombo cha kupimia nini? Hapo ndipo Kilatini kinapoingia, altus ni -a juu, basi ni kimo. Wanaopeleka wageni mlimani wanaifahamu. Ndiyo inayokwambia umebakiza mita ngapi kufika kwenye zile 5,895 za kilele cha Uhuru. Ukirukia mizizi kabla ya sentensi, utachagua neno lenye sura nzuri na kukosa swali.

Kuna tatizo linalotuhusu sisi zaidi kuliko Mmarekani. Mizizi hii mingi imetufikia kupitia Kiingereza, nasi tukaiandika tulivyoisikia ikitamkwa. Ndiyo maana utakuta biolojia na baiolojia, halafu bayogesi na bayoanuwai, na mtu hajui kwamba bio, baio na bayo ni mzizi mmoja, bios, uhai. Psyche ya Kigiriki, nafsi, kwetu ni saiko ya saikolojia. Hydor, maji, ni haidro ya haidrojeni. Mikros, -dogo, ni maikro ya maikrofoni. Ukiona "ai" au "ay" ndani ya neno la kisayansi, jaribu kuirudisha iwe "i", mara nyingi mzizi utajitokeza. Mengine yalipitia Kiarabu, nayo yamebadilika hata huwezi kuyashuku: falsafa ni philosophia, kupenda hekima, na kalamu ni kalamos ya Kigiriki, tete la kuandikia.

Vipimo ni mahali ambapo ningependa ukae zaidi, kwa sababu vinaulizwa mara kwa mara na vina mpango mzuri ajabu. Wafaransa walipoweka mfumo wa mita mwaka 1795, waligawana lugha: Kigiriki cha kuzidisha, Kilatini cha kugawanya. Kilo ni elfu kwa Kigiriki, na mili imetoka kwenye elfu ya Kilatini. Kilomita ni mita 1,000; milimita ni sehemu moja ya 1,000 ya mita. Kwa hiyo "Kilomita kwa mita, mita kwa ___" jibu ni milimita, na aliyeweka sentimita kati ya majibu alikuwa anakutega, maana senti ni mia. Hekta nayo ina mia ya Kigiriki ndani yake: ni ari 100, yaani mita za mraba 10,000. Ekari haimo kwenye ukoo huu hata kidogo. Ni kipimo cha Waingereza, na hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Mwenye shamba la kahawa anayechanganya hayo mawili kwenye hati anajiumiza.

Usiuamini mzizi kupita kiasi, lakini. Haidrojeni maana yake ni kizaa maji, na ni kweli, ikiungua inatoa maji. Oksijeni ni kizaa asidi. Mfaransa Lavoisier aliita hivyo kwa sababu aliamini kila asidi ina oksijeni. Alikosea, asidi hidrokloriki haina oksijeni hata chembe. Mzizi unakueleza aliyelipa neno jina alifikiri nini siku ile. Kwenye swali la kemia, fuata kemia.

Kuhusu mzizi na shina, yote mawili ni sahihi ila si kitu kimoja. Mzizi ni kile kinachobaki ukishaondoa viambishi vyote: katika wanalimiana, ni -lim-. Shina ni mzizi ulioongezewa kiambishi tamati, kama lima au limia, ambalo sasa liko tayari kupokea viambishi vya mbele. Kwa maswali yako ya mlinganisho, unachotafuta ni mzizi. Kilimo, mkulima na limiana ni ndugu kwa sababu ya -lim-, na "Kilimo kwa mkulima, uvuvi kwa ___" unalijibu papo hapo: mvuvi. Ila usimwingize kilima kwenye ukoo huo kwa sababu ya sura. Hicho ni mlima mdogo, hakina jembe ndani yake.